Vunjajungu Anakula Nini? Mwongozo kwa Wanafunzi na Wakulima

Vunjajungu akifungiwa kwenye mkebe pamoja na rundo la majani mabichi hufa njaa. Jambo hili huwashangaza watoto wengi, kwani kila wanapomwona shambani huwa ametulia juu ya jani, na ni rahisi kudhani kwamba analila. Yupo pale kuvizia. Chakula chake ni wadudu wengine, na huwataka wakiwa hai.

Wapo wakazi wasiotaka hata kumgusa, kwa sababu ya imani ya zamani kwamba anayemshika atavunja chombo. Ndiyo asili ya jina lake. Hana sumu, na vyungu viko salama. Akishikwa vibaya anaweza kumchoma mtu kidogo kwa miiba ya miguu ya mbele, basi.

Macho yake makubwa hufuata kitu kinachosogea. Nzi aliyekufa na kulala chini ya mkebe si chakula machoni pake. Mwanafunzi aliyekosa mdudu hai anaweza kumshika aliyekufa kwa kibanio na kumtikisa polepole mbele ya vunjajungu. Mara nyingine hudanganyika na kumnyakua.

Ukubwa wa windo nao ni muhimu. Kipimo cha kufaa ni mdudu asiyezidi nusu ya urefu wa vunjajungu mwenyewe. Wale wachanga, ambao bado hawana mabawa, hupewa vidukari wa kwenye sukuma wiki au nzi wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva. Kuwapata ni rahisi: ganda la ndizi huachwa ndani ya chupa kwa siku moja au mbili, kisha mdomo wa chupa hufunikwa nzi wakishaingia. Wakubwa hula nzi wa kawaida, panzi wadogo, viwavi, chenene, na nondo wanaofuata taa usiku. Siafu hawafai kabisa, kwani wao ndio watakaomla.

Hatari kubwa kwa mdudu anayefugwa ni dawa. Panzi aliyetoka kwenye mboga zilizopuliziwa dawa, au nzi anayeyumbayumba jikoni baada ya dawa ya mbu, hubeba sumu hiyo hadi kinywani mwa vunjajungu. Watoto wasitumwe kukusanya wadudu kwenye shamba lililopuliziwa, kwa usalama wao wenyewe pia. Kuna kosa jingine lisiloonekana kwa urahisi: kufunika mkebe kwa kipande cha chandarua cha mbu. Vyandarua vinavyogawiwa kliniki vimetiwa dawa ya kuua wadudu, na mdudu huyu hupenda kuning'inia kwenye kifuniko. Kitambaa chepesi cha pamba kinatosha.

Vunjajungu mkubwa hutosheka akila kila baada ya siku mbili au tatu. Maji hunyunyiziwa matone machache kwenye jani au ukutani mwa mkebe, naye huyanywa hapo. Akikataa chakula, asilazimishwe. Huenda yuko karibu kujivua gamba, kazi anayoifanya akining'inia kichwa chini, na baada yake mwili hubaki laini kwa muda. Wakati huo windo lote liondolewe, hasa chenene, maana chenene mwenye njaa humtafuna mwindaji wake asiyeweza kujitetea.

Shambani hahitaji kulishwa na mtu. Tangu viwavijeshi wapya walipoingia Kenya mwaka 2017, wakulima wa mahindi wamejifunza kuthamini kila mdudu anayekula viwavi na nondo, naye ni mmoja wao. Hata hivyo asitegemewe peke yake. Hachagui: hukamata nyuki, vipepeo na hata wadudu wengine wanaomsaidia mkulima. Lakini dawa ikipulizwa ovyo, yeye ndiye hukawia kurudi. Vidukari wanaweza kuanza kuzaa wakiwa na umri wa wiki moja hivi, ilhali vunjajungu huhitaji miezi kadhaa kukomaa. Ni vyema mkulima amwone afisa wa kilimo wa wadi kabla ya kununua dawa, aulize ni ipi inayolenga mdudu anayemsumbua na ipulizwe wakati gani.

Kwenye ua au matawi, wakazi wanaweza kuona kifuko cha rangi ya kahawia kinachofanana na povu lililokauka. Hayo ni mayai ya vunjajungu. Kikiletwa darasani, huenda makumi ya watoto wakatoka kwa siku moja, na wasipopata vidukari au nzi wadogo huanza kulana wenyewe kwa wenyewe. Shule isiyo na chakula cha kuwatosha ikiache kifuko kwenye tawi lake, na wanafunzi wakitembelee hapo.