Umepita miaka 40 na bado unakimbia? Sikiza miguu yako

JE, ulianza kukimbia baada ya daktari kukuambia kwamba presha imepanda? Au ulikuwa mwanariadha shuleni, ukaacha kwa miaka 20, na sasa unarudi barabarani ukiwa na kitambi na watoto wa sekondari? Ikiwa umri wako ni kati ya miaka 40 na 60, makala haya ni yako.

Watu wengi wa rika lako huanza vizuri. Wiki ya kwanza huwa ngumu, ya tatu pumzi hurudi, na kufikia ya sita hujiona vijana tena. Halafu asubuhi moja mtu anashuka kitandani, anakanyaga sakafu, na kisigino kinamuuma kana kwamba amekanyaga msumari. Anapumzika wiki mbili, anajaribu tena, maumivu yanarudi. Mwishowe raba zinasukumwa chini ya kitanda na hazitoki tena. Kinachopotea hapo si mbio tu. Presha iliyokuwa imeanza kushuka hupanda, kitambi hurudi, na ile furaha ya asubuhi huisha.

Pumzi hutangulia, kano hufuata

Moyo na mapafu huzoea mazoezi kwa muda wa wiki chache. Kano, yaani zile kamba ngumu zinazounganisha misuli na mifupa, huhitaji miezi, na mifupa vilevile. Kano hupata damu kidogo kuliko misuli, kwa hivyo hujijenga na kupona polepole. Kadiri umri unavyosonga, mwendo huo huzidi kuwa wa pole. Isitoshe, misuli huanza kupungua baada ya miaka 30 hivi, na misuli dhaifu huyaachia magoti na visigino kazi ya kupokea kishindo.

Kwa hivyo hatari kubwa haiko katika wiki ya kwanza unapohema. Iko katika wiki ya sita, unapohisi unaweza kumaliza kilomita 15 kwa kuwa pumzi ipo. Miguu bado haijafika hapo. Mbio za Standard Chartered jijini Nairobi, zilizoanza mwaka wa 2003, kwa kawaida hufanyika mwezi wa Oktoba. Mtu wa miaka 45 anayejiandikisha kwa kilomita 21 na kuanza mazoezi Septemba anatafuta jeraha. Jipe angalau miezi minne, au ukimbie kilomita 10 mwaka huu.

Yajue maumivu yako

Chini ya kisigino: Maumivu makali ya hatua za kwanza asubuhi, yanayopungua ukitembea, hutokana na utando mgumu wa unyayo uliolemewa na kazi. Kabla ya kushuka kitandani, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako mara kadhaa. Usitembee pekupeku kwenye sakafu ya saruji.

Nyuma ya kisigino: Kano kubwa ya hapo hukaza na kuuma asubuhi. Mwaka wa 1998, daktari Mswidi, Håkan Alfredson, na wenzake walichapisha matokeo ya zoezi walilowapa wanamichezo wa burudani 15, wengi wao wa umri wa makamo. Simama ukingoni mwa ngazi kwa vidole, jiinue kwa mguu mzima, kisha ushuke polepole kwa mguu unaouma hadi kisigino kipite chini ya ukingo. Fanya mara 15, upumzike, urudie hadi mizunguko mitatu goti likiwa limenyooka, kisha mitatu mingine likiwa limekunjwa kidogo. Ni asubuhi na jioni, kila siku, kwa wiki 12. Wote 15 walirudi kukimbia. Lakini ikiwa maumivu yako yapo pale kano inaposhikana na mfupa, fanyia zoezi hili sakafuni, usishushe kisigino chini ya ukingo.

Mbele ya goti: Huuma ukishuka ngazi au baada ya kuketi muda mrefu kwenye matatu. Mara nyingi misuli ya mapaja na makalio ni dhaifu. Inuka kitini na kuketi polepole mara 10 bila kushika chochote, mizunguko mitatu, siku mbili au tatu kwa wiki.

Muundi: Maumivu yakitanda mbele ya mguu, punguza kilomita. Yakiwa mahali pamoja unapoweza kupagusa kwa kidole kimoja, na yanauma hata usiku, huenda mfupa umeanza kupata ufa. Acha kukimbia na umwone daktari.

Labda umeambiwa kwamba mbio zitamaliza magoti yako. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka wa 2017 ulipata ugonjwa wa kusagika kwa goti au nyonga kwa asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa burudani, na kwa asilimia 10.2 ya wasiokimbia. Hiyo haimaanishi mbio ni tiba, kwani huenda wenye viungo vibovu waliacha mapema. Hata hivyo, si sababu ya wewe kukaa kitini.

Kipimo cha alama kumi

Utajuaje kama uendelee au uache? Yape maumivu alama kutoka 0 hadi 10. Yakiwa chini ya 3, na asubuhi inayofuata hayajazidi, unaweza kuendelea kwa uangalifu. Yakiwa 4 au 5, punguza umbali na mwendo. Yakipita 5, au yakikufanya uchechemee, simama. Kuchechemea hupeleka mzigo kwenye mguu wa pili, ukajikuta na majeraha mawili.

Usimeze dawa ya maumivu ili uweze kukimbia. Ibuprofeni na diklofenaki hupatikana kwa urahisi katika maduka ya dawa, lakini huficha onyo la mwili, na zinaweza kudhuru figo na tumbo, hasa ukiwa na kiu au presha.

Ukiteguka, usikimbilie kukandwa kwa maji moto wala kuchuliwa kwa nguvu katika siku mbili za kwanza, kwani uvimbe utaongezeka. Funga bandeji isiyobana sana, inua mguu, na uweke barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 10 hadi 15.

Nenda hospitalini bila kuchelewa ukisikia kishindo cha ghafla nyuma ya kisigino ukashindwa kusimama kwa vidole, shavu la mguu likivimba na kupata joto, au ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida. Na ikiwa hujafanya mazoezi kwa miaka mingi, pimwa presha na sukari kabla ya kuanza.

Viatu, njia na chakula

Raba za mitumba kutoka Gikomba zinaweza kukufaa, lakini zichunguze. Bonyeza soli kwa kidole gumba. Ikiwa ni ngumu kama ubao au imelika upande mmoja, ziache, hata kama sehemu ya juu inang'aa. Raba nyingi huchoka baada ya kilomita 500 hadi 800.

Njia nayo ina maneno yake. Ukingo wa barabara huinama, na anayekimbia upande mmoja kila siku huufanya mguu mmoja utue kana kwamba ni mfupi kuliko mwingine. Ukiweza, tafuta udongo: msitu wa Karura, Arboretum, au uwanja wa shule iliyo karibu nawe.

Mwili wa makamo huhitaji protini ili kurekebisha misuli: maharagwe, ndengu, mayai, samaki. Kina mama waliokoma hedhi hupoteza uimara wa mifupa kwa haraka, kwa hivyo wasikose maziwa, omena, sukuma wiki na uji wa wimbi. Na usingizi usiibwe. Mwili hujirekebisha zaidi ukiwa umelala.

Moyo usife

Jeraha la mguu hupona. Linalowashinda wengi ni moyo kuvunjika. Unapitwa na kijana wa miaka 22 anayekimbia huku akizungumza, na unakumbuka ulivyokuwa. Usishindane na huyo kijana, wala na wewe wa zamani. Nunua daftari la shilingi chache, uandike kila siku dakika ulizokimbia, alama ya maumivu na jinsi ulivyolala. Baada ya miezi mitatu utaona maendeleo ambayo saa haiwezi kukuonyesha.

Ukiwa umejeruhiwa, ilinde ile saa yako ya mazoezi. Kama hukimbia saa kumi na mbili asubuhi, amka wakati huohuo ukatembee, ukaogelee au uendeshe baiskeli, ikiwa hakuna kinachouma. Tabia ikivunjika, kuirudisha ni kazi kuliko kuponya kano. Ukiweza kutembea kwa kasi dakika 30 bila maumivu, anza tena: kimbia dakika 1, tembea 2, mara kumi, siku tatu kwa wiki. Tafuta pia mwenzako wa kukimbia naye. Ni vigumu kubaki kitandani ukijua kuna mtu anakungoja langoni.

Ukihitaji mfano, mkumbuke Kenneth Mungara. Alikuwa kinyozi aliyewanyoa wanariadha kabla ya yeye mwenyewe kuanza kukimbia akiwa mtu mzima. Mwaka wa 2015, akiwa na umri wa miaka 41, alishinda marathoni ya Gold Coast nchini Australia kwa saa 2:08:42. Wewe huhitaji muda huo. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka wa 2020 kwamba mtu mzima afanye dakika 75 hadi 150 za mazoezi mazito kwa wiki, au 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli. Dakika 25 mara tatu kwa wiki zinakuingiza katika kiwango hicho.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Maumivu madogo ya leo ndiyo ufa. Yasikize, uyape wiki zake, nawe utakuwa bado unakimbia wajukuu watakapokuja.