Mlima Kilimanjaro na Njia Zake

Ninyi mkaao Shinyanga na Geita mmezoea vilima vya mawe. Mtu akipanda kilima cha kwao asubuhi, hurudi nyumbani kabla jua halijawa kali. Lakini katika nchi yetu uko mlima usiopandwa hivyo, nao ni Kilimanjaro, mrefu kuliko milima yote ya Afrika.

Mlima huu ulifanywa na moto wa chini ya ardhi, kama ule uliozipandisha almasi za Mwadui zamani sana. Una vilele vitatu: Shira upande wa magharibi, Mawenzi yenye majabali makali upande wa mashariki, na Kibo katikati. Ncha ya Kibo huitwa Uhuru, nayo ni mita 5,895 juu ya bahari. Mlima Fuji wa Ujapani, wenye mita 3,776, ungeifikia Kibo karibu theluthi mbili tu.

Chini mna migomba na kahawa ya Wachaga, juu yake msitu wa mvua, kisha majani na vichaka, kisha jangwa la mawe, mwisho barafu. Kila upandapo mita 1,000, baridi huzidi kwa kadiri ya digrii 6. Ndiyo sababu barafu yaweza kukaa karibu na ikweta, ingawa sasa inapungua mwaka hata mwaka.

Njia za kupanda ni nyingi. Machame na Umbwe hutoka kusini, Lemosho magharibi, na Rongai kaskazini. Njia ya Marangu ina nyumba za kulala: Mandara, yapata mita 2,700, Horombo, 3,700, na Kibo, 4,700. Kutoka hapo watu huondoka usiku wa manane, wakafika ukingo wa juu kulipopambazuka.

Hatari kubwa si baridi, wala si simba, ni hewa. Kileleni kila pumzi huleta kadiri ya nusu tu ya ile hewa ya uhai tuipatayo pwani. Aendaye mbio, hata akiwa kijana mwenye nguvu, kichwa humwuma, hutapika, huyumba. Basi na aende polepole, akapumzike siku moja njiani. Ugonjwa ukizidi, na ashuke mara moja. Afichaye maumivu yake ili asiitwe mwoga aweza kufa.

Hans Meyer alipanda mwaka 1887, akazuiwa na barafu, akarudi. Tarehe 6 Oktoba 1889, pamoja na Ludwig Purtscheller, alifika kileleni. Kama asingalikubali kurudi mara ya kwanza, huenda asingalifika kamwe.

MASWALI
1. Taja vilele vitatu vya Kilimanjaro.
2. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari. Uhuru inalizidi kwa mita ngapi?
3. Kwa nini barafu hukaa karibu na ikweta?
4. Mwenzako anaumwa kichwa na kuyumba mlimani, naye asema, "Si kitu, twende." Utafanyaje?