SOMO: TUNAPOSIKIA KUWA MAFUTA HAKUNA



Mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu, mvua ilikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa. Mabasi na malori yalikwama siku kadhaa. Barabara hiyo inapita Mbagala kwetu, na mtu akisikia redioni "barabara imekatika", hofu ya kwanza ni mafuta.

Basi tujue kwanza mafuta yanatoka wapi. Hayaji Dar es Salaam kwa barabara ya Kilwa. Meli huyashusha Kurasini na Kigamboni, yakahifadhiwa kwenye matangi, kisha malori huyapeleka mikoani. Meli nyingine hushusha Tanga na Mtwara, ndiyo maana EWURA ikitangaza bei kikomo kila mwezi hutaja bandari zote tatu. Somanga ikikatika, linalokwama ni lori la kwenda kusini. Sheli za Temeke haziguswi. Mtangazaji asipofafanua hilo, msikilizaji wa Temeke hubeba dumu akapanga foleni.

Marekani yalitokea hayo. Kimbunga Katrina kilipiga tarehe 29 Agosti 2005. Mji wa Atlanta uko mamia ya kilometa kutoka huko, lakini mabomba mawili makubwa yanayoupelekea mafuta yalisimama kwa kukosa umeme wa kusukumia. Hiyo ilikuwa habari ya kweli. Tarehe 31 ukazuka uvumi kuwa vituo vitafungwa. Watu wakakimbilia kujaza magari, televisheni zikaonyesha foleni, na foleni zikazidi. Baadhi ya vituo vilikauka, vingine vikapandisha bei hadi karibu dola 6 kwa galoni, mpaka gavana akatangaza hali ya dharura kuzuia ulanguzi. Upungufu ulikuwapo, ila hofu iliuharakisha.

Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamuru tuhakiki habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Wengi wetu huidhania kuwa ya wasengenyaji tu. Lakini anayeficha madumu matano uvunguni (tena nyumba yenye jiko la mkaa!) huenda amemnyima mafuta dereva wa kumpeleka mgonjwa Amana au Temeke.

Zoezi: Sikilizeni taarifa moja ya habari kuhusu mafuta. Andikeni nani amesema, mafuta yamekwama wapi, na yaliyobaki yanatosha siku ngapi. Kama siku hazikutajwa, acheni nafasi wazi, msibahatishe.