Ganzi kwa Mgonjwa Anayetumia Dawa za Kuzuia Damu Kuganda

Mwenye moyo au mapafu dhaifu anapohitaji kupasuliwa mkono au mguu, mara nyingi ganzi humfaa kuliko nusukaputi, kwa kuwa huendelea kupumua mwenyewe. Lakini wengi wa wagonjwa hao ndio wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama wafarini au rivaroksabani.

Ganzi zote hazina hatari sawa. Sindano ikichomwa kwenye mishipa ya fahamu ya mkono au ya kifundo cha mguu na damu ikavuja, mahali hapo huweza kukandamizwa kwa nje mpaka ikome. Katika ganzi ya mgongo haiwezekani: damu hukusanyika ndani ya uwazi wa mifupa, ikabana mishipa ya fahamu, na mgonjwa asipopasuliwa ndani ya saa chache huenda akapooza miguu. Tukio hili ni nadra, ila ni zito. Ndiyo maana wafarini husimamishwa kwa kawaida siku 5 kabla, kisha damu hupimwa kipimo cha INR. Rivaroksabani husimamishwa siku 3 hivi, na zaidi kwa mwenye figo dhaifu.

Hesabu hiyo ni ya daktari. Mwenye vali ya moyo ya bandia akiacha wafarini kwa uamuzi wake, damu huweza kuganda kwenye vali au kumletea kiharusi. Ikiwa unahudhuria kliniki katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na unapangiwa upasuaji Temeke au Mwananyamala, tunakushauri uhakikishe pande zote mbili zina taarifa, na siku ya kuacha na ya kuanza tena dawa iandikwe.

Mweleze mtaalamu wa usingizi saa uliyomeza kidonge cha mwisho, na uende na pakiti yenyewe. Kibahasha kilichoandikwa “1×1” pekee hakimwambii kitu. Taja pia aspirini na diklofenaki ulizonunua dukani, ambazo wengi hawazihesabu kuwa dawa.

Baada ya ganzi ya mgongo, miguu ikikawia kupata nguvu kupita muda ulioelezwa, ikilegea tena, ukishindwa kukojoa au mgongo ukiuma sana, mwite muuguzi papo hapo, hata usiku wa manane. Usimeze tena dawa ya kuzuia damu kuganda mpaka daktari akuruhusu.