Tangi Dogo Lililokauka Ndani ya Ruta

Umeme ulikatika magharibi, ukarudi saa mbili usiku. Taa zikawaka, jokofu likaanza kunguruma, lakini ruta ya intaneti ikabaki inapepesa taa: inawaka, inazima, inawaka tena. Wengi hukata shauri papo hapo kwamba imeungua, inunuliwe nyingine. Lakini mchana kutwa ilikuwa ikifanya kazi. Mbona chombo kilicholala kizima kikatae kuamka? Mara nyingi jibu limo ndani ya kikopo cha alumini kinachotoshana na ncha ya kidole, kiitwacho kapasita. Tuanzie mwanzo kabisa.

Umeme wa ukutani hugeuka mwelekeo, ukienda na kurudi mara 50 kila sekunde. Ruta haiwezi kuula hivyo ulivyo. Inataka mkondo mnyoofu, kwa kawaida wa volti 12 kutoka kwenye adapta, nazo chipu zake zinataka volti 3.3 au pungufu ya hapo. Ili kuushusha, saketi huukatakata umeme vipande vidogo, maelfu mengi kwa sekunde, na kuvisukuma mbele kimoja kimoja. Baina ya kipande na kipande pana pengo. Ni nani anayeilisha chipu wakati wa pengo hilo?

Fikiria nyumba inayopata maji kwa mgawo. Bomba la mtaani hutoa leo, kesho hukauka, lakini jikoni maji hayakatiki kwa sababu juu kuna tangi. Kapasita ndiyo tangi la umeme. Kimo cha maji ndani ya tangi ni volti. Upana wa tangi ni uwezo wake wa kuhifadhi chaji, unaopimwa kwa faradi, kipimo kilichopewa jina la mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday. Faradi moja ni kubwa mno kwa kazi hii, kwa hiyo kwenye ruta utakuta mikrofaradi 470 au 1000, yaani sehemu za milioni za faradi.

Tukipasue kikopo hicho. Ndani mna kanda mbili nyembamba za alumini, na katikati yake karatasi iliyoloweshwa kimiminika kinachopitisha umeme, vyote vimeviringishwa pamoja kama mkeka. Ukanda mmoja umefunikwa utando wa oksidi ya alumini usiopitisha umeme, mwembamba kiasi kwamba unywele wa binadamu unaupita unene zaidi ya mara elfu. Chaji chanya hukaa upande huu wa utando, chaji hasi upande ule. Zinavutana kwa nguvu lakini haziwezi kukutana, na kwa kuwa zimekaribiana mno, kikopo kidogo huhifadhi chaji nyingi. Kinachougusa utando huo upande wa pili ni kile kimiminika. Kikikauka, tangi linapungua upana.

Ubaya wa pili ni mkubwa zaidi: mdomo wa tangi nao unaziba. Ukinzani wa ndani wa kapasita unapanda. Tuseme chipu inavuta ampea 1 kwa ghafla. Kapasita nzima yenye ukinzani wa omu 0.05 itapoteza volti 0.05 tu, na chipu haitahisi kitu. Iliyokauka ikifika omu 1 itapoteza volti 1 nzima, na ile 3.3 itashuka hadi 2.3. Chipu inapoteza fahamu, ruta inajizima na kuanza upya, kisha inakwama palepale.

Sasa kitendawili chetu kinateguka. Kimiminika kikiwa na joto hupitisha umeme kwa wepesi zaidi. Mchana ruta ilikuwa ya moto, na kapasita mgonjwa ikajikongoja. Umeme ulipokatika ikapoa, ukinzani ukapanda, na nguvu ya kuamka ikakosekana.

Kabla ya kushika chochote, jaribu ruta kwa adapta nyingine yenye volti zilezile, mpangilio uleule wa chanya na hasi kwenye pini, na ampea zisizopungua. Usiridhike na kupima adapta ikiwa haijachomekwa kwenye ruta: bila mzigo, hata iliyochoka inaweza kusoma volti 12. Ikiwa adapta ndiyo mbovu, nunua nyingine, usiifungue ya zamani. Volti 230 za ukutani zikinyooshwa hufikia kilele cha 325, na kapasita ya ndani inaweza kubaki na chaji hiyo hata baada ya kuchomolewa.

Ikiwa adapta ni nzima, chomoa ruta na uifungue. Kichwa cha kapasita nzima ni bapa, na mara nyingi kimechorwa mfereji mfano wa msalaba ili gesi ipate pa kutokea. Kikituna kama mkate, au pakiwa na ukoko wa kahawia, umempata mgonjwa. Wakati mwingine, hata hivyo, hukauka bila kuvimba.

Mbadala uwe na mikrofaradi zilezile, volti zisizopungua, alama ya nyuzijoto 105, na uwe wa aina yenye ukinzani mdogo. Nunua mpya, kwani ya kung'olewa kwenye redio kuukuu huenda nayo imekwisha kauka. Mstari ubavuni huonyesha mguu hasi: uelekee ulikoelekea wa zamani. Ule utando umejengwa kwa kuhimili umeme wa upande mmoja. Ukigeuzwa huvunjika, gesi hujaa na kikopo kinaweza kupasuka. Kama hujazoea kuyeyusha risasi ya kuchomelea, mpelekee fundi wa redio. Kwake ni kazi ndogo.

Tumalizie na adui anayekikausha kile kimiminika mwaka hadi mwaka, joto. Kapasita iliyoandikwa saa 2000 kwa nyuzi 105 huongeza umri maradufu kila joto likishuka nyuzi 10. Kwa nyuzi 65 hufika saa 32,000, yaani miaka mitatu na miezi minane ya kuwaka usiku na mchana. Kwa nyuzi 55 inapita miaka saba. Basi itazame ruta yako sebuleni. Ikiwa imekaa juu ya king'amuzi chenye moto, imefunikwa kitambaa cha kufuma, ishushe na uifunue. Umeiongezea miaka bila kutoa hata senti.