Kupanda si Kazi, Kazi Kulea

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi kulea. Neno hilo twaliona likitimia katika bustani za nyumba zetu na viwanja vya parokia. Mvua za masika zinapoanza, Wakristo hupanda kwa furaha miche ya asumini, ya mawaridi na ya ua. Ifikapo Septemba, mahali pengi husalia vijiti vikavu. Fedha imepotea, na watoto waliopanda wamejifunza kwetu ya kuwa jambo jema huanzwa tu, halitunzwi.

Tuitazame wilaya ya Kilosa, tangu Kilosa mjini hata Mikumi. Masika hukoma huko mwezi Mei, na kiangazi hudumu hata Oktoba. Miezi hiyo ndiyo mtihani wa mche. Mizizi yake ingali imebanwa katika udongo mchache iliotoka nao kitaluni, hali majani yapoteza maji mchana kutwa kwa jua na upepo. Huenda maji yamo ardhini, lakini mizizi haijayafikia.

Basi, la kwanza, pandeni mapema masika yaanzapo, mizizi ipate muda wa kutambaa. Chimbeni shimo lenye upana mara mbili ya kiriba, bali kina chake kisipite kimo cha udongo wa mche. Chaneni kiriba na kukiondoa chote. Mizizi iliyojizungusha ifungueni taratibu. Shina lisifukiwe kupita lilivyokuwa kitaluni. Samadi iwe iliyokwisha kuoza, kwani mbichi huunguza mizizi.

La pili ni maji. Wengi hunyunyiza kidogo kila jioni. Maji hayo hulowesha uso wa udongo tu, na mizizi hubaki juu, panapokauka upesi. Mche ukiisha kushika, yafaa zaidi kuupa nusu debe polepole, mara moja au mbili kwa juma. Kwanza tieni kidole ardhini. Pakiwa na unyevu, ngojeni. Wala mzigo huu wa maji usiachiwe mama na mabinti peke yao. Baba na wana nao wana mabega.

La tatu, funikeni udongo kwa majani makavu, lakini yasiguse shina, yasije yakaliozesha na kuwaficha mchwa. Zungusheni miiba kuwazuia mbuzi.

Pengine msomaji atauliza, haya yahusu nini dini? Watu wa Kilosa hawajasahau mafuriko ya mto Mkondoa ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010, yaliyobomoa nyumba na kuharibu reli. Kichaka kimoja hakizuii mto. Lakini ardhi iliyo uchi husombwa na mvua, na mizizi huishika. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa 2015, alitukumbusha ya kuwa dunia ni nyumba yetu sote.

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, mtunza shamba aliuombea mtini usiozaa mwaka mmoja zaidi, akaahidi kuupalilia na kuutia samadi. Hakuomba mwujiza, bali muda wa kufanya kazi. Wazazi, mpeni kila mtoto mche mmoja, naye aulinde hata mvua za vuli. Atakayejifunza kuvumilia kiangazi kwa ajili ya mche hatashindwa kesho kuwavumilia watu.