Kijana wa Miaka 19, Mpenzi wa 17: Yajue Haya Kabla Hujapandishwa Kizimbani

Wanaoshtakiwa kwa kunajisi watoto hawafanani. Wapo watu wazima waliowavamia watoto wadogo, na hao sina la kuwatetea. Lakini yupo pia kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi, sasa anabeba abiria kwa boda boda kati ya Garsen na Minjila, hapa kaunti ya Tana River, Kenya, na mlalamishi ni msichana waliyesoma naye shule moja. Msichana ameshika mimba, babake amepiga ripoti polisi, na kijana anaamini kwamba akimwambia hakimu "tunapendana" mambo yataisha. Hayataisha. Makala haya ni kwa ajili yake, na kwa wazazi wa pande zote mbili.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na mtoto hana uwezo wa kukubali ngono. Awe alikubali, awe ndiye aliyetuma ujumbe wa kwanza, awe tayari anaishi kwa kijana na wamezaa, kosa ni kosa. Chini ya kifungu cha 8, adhabu hufuata umri wa mtoto. Akiwa na miaka 11 au chini yake, ni kifungo cha maisha. Akiwa kati ya 12 na 15, si chini ya miaka 20. Akiwa kati ya 16 na 18, si chini ya miaka 15. Sheria haiulizi mshtakiwa amemzidi mtoto kwa miaka mingapi, mradi ametimiza 18. Kijana wa 19 na mzee wa 50 wanapimwa kwa kipimo kimoja.

Mahali ambapo vijana wengi hujimaliza ni siku ile ya kwanza, shtaka linaposomwa. Karani anasoma, mshtakiwa anaulizwa kama ni kweli, naye anajibu "ni kweli" akidhani anakiri mapenzi. Amekiri kosa. Kwa aliyekiri, Kanuni za Mwenendo wa Makosa ya Jinai hazimruhusu kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani; kilichobaki ni kuhoji kiwango au uhalali wa adhabu tu, nayo imeshapangwa na sheria. Kwa hiyo usijibu jambo usilolielewa. Katiba, ibara ya 50, inakupa haki ya mkalimani bila malipo kama Kiswahili au Kiingereza cha mahakamani kinakupiga chenga, uwe unazungumza Kipokomo, Kiorma au lugha nyingine. Inakupa pia haki ya kupewa mapema ushahidi wa upande wa mashtaka, na haki ya wakili wa serikali pale ambapo kukosa wakili kutaleta dhuluma kubwa. Kosa lenye kifungo cha chini cha miaka 15 ni mahali pa kuliomba hilo kwa sauti, na liandikwe kwenye faili.

Pili, umri. Mahakama ya Rufaa ikiketi Malindi ilishasema kwamba umri wa mtoto ni sehemu ya shtaka lenyewe na lazima uthibitishwe. Hutumika cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, kadi ya ubatizo, ushahidi wa mzazi au uchunguzi wa daktari. Kwetu, ambako wengi wamezaliwa nyumbani na cheti kikatafutwa miaka baadaye kwa ajili ya mtihani, hili si jambo dogo: tarehe iliyokisiwa na mwalimu inaweza kuongeza au kupunguza miaka mitano ya jela. Mzazi wa mtoto aliyedhulumiwa aje na kadi ya kliniki. Mshtakiwa naye aulize tarehe imetoka wapi.

Kuna utetezi mmoja ambao watu wengi hawaufahamu vizuri. Ukionyesha kwamba mtoto alikudanganya umri wake, nawe kwa sababu za maana uliamini ametimiza 18, unaweza kuachiliwa. Lakini mahakama itauliza ulichukua hatua gani kuhakikisha. "Alionekana mkubwa" haitoshi, hasa kama ulikuwa unamwona kila asubuhi akiwa na sare ya shule. Utetezi huu umewahi kunyooshwa kupita kiasi. Mwaka 2016 Jaji Said Chitembwe wa Mahakama Kuu ya Malindi alimwachilia mwanamume aliyefungwa miaka 20, akisema msichana alijiendesha kama mtu mzima. Msichana huyo alikuwa na miaka 13. Makelele yaliyofuata yalikuwa ya haki. Kumhurumia kijana hakumaanishi kumvika mtoto wa darasa la saba utu uzima.

Miaka mitatu baadaye majaji wa Mahakama ya Rufaa jijini Nairobi walikutana na kesi ya aina nyingine: kijana amefungwa miaka 15, msichana alikuwa amebakisha miezi tu kutimiza 18, na walikuwa wakiishi pamoja. Walimwachilia, wakasema magereza yamejaa vijana wa namna hiyo, na kwamba wakati umefika wa nchi kuzungumzia kushusha umri wa kukubali hadi 16. Mwaka 2022 Jaji George Odunga wa Machakos akaamua kwamba vifungo vya chini vinavyomfunga hakimu mikono vinakiuka Katiba. Mahakimu na majaji wengi wakaanza kupunguza.

Mlango huo umefungwa. Julai 2024 Mahakama ya Juu ilirudisha kifungo cha miaka 20 ambacho Mahakama ya Rufaa ya Nyeri ilikuwa imekishusha hadi 15, ikasema vifungo vya chini vya sheria hii ni halali na kwamba uamuzi maarufu wa Muruatetu wa mwaka 2017, uliofuta ulazima wa adhabu ya kifo, ulihusu mauaji peke yake. Aprili 2025 ikarudisha pia kifungo cha maisha katika kesi iliyopitia Malindi, ambako Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeweka miaka 40. Kwa hiyo anayekuuzia matumaini kwamba "siku hizi hakimu hupunguza" amepitwa na habari.

Na kama mshtakiwa mwenyewe hajafika 18? Hapo sheria inabadilika: ahukumiwe kwa kufuata Sheria ya Watoto na ile ya bostali, yaani taasisi za kurekebisha vijana kama iliyo Shimo la Tewa, wala si miaka 15 jela. Familia iseme umri wake siku ya kwanza kituoni, ikiwa na karatasi mkononi. Wote wawili wakiwa watoto, mahakama hazijasema kwa sauti moja. Mahakama Kuu ya Eldoret mwaka 2014 ilikataa kuitangaza sheria kuwa ya kibaguzi. Ile ya Homa Bay mwaka 2017 iliona ubaguzi kumshtaki mvulana peke yake.

Sasa wazee. Katika Tana River kesi nyingi huanzia na kuishia kwenye maslaha, yaani mapatano ya wazee: mifugo inatolewa, mara nyingine ndoa inafungwa haraka, na familia zinaenda kituoni kusema zimepatana. Kisheria hilo halifuti kesi. Uamuzi wa kuiondoa ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Ndoa nayo inaongeza tatizo, maana Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka wote wawili wawe wametimiza 18, na anayefunga ndoa na mtoto anaweza kwenda jela hadi miaka mitano. Nimeona pia upande mbaya wa maslaha: ni njia ambayo mzee mwenye ng'ombe huponyoka, huku kijana asiye na mbuzi hata mmoja akifikishwa mahakamani.

Kwa mtoto aliyeingiliwa, mwenye miaka 17 au 7, hospitali ndiyo ya kwanza, ndani ya saa 72, kwa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi. Asioge kwanza, nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Baada ya hapo polisi na fomu ya P3, ile ya uchunguzi wa daktari. Namba 116 ya watoto haina malipo.

Aliyehukumiwa na hakimu ana siku 14 za kukata rufaa Mahakama Kuu, na kwa watu wetu iko Garsen hapa hapa. Aombe pia siku alizokaa rumande zihesabiwe kwenye kifungo. Kifungu cha 333(2) cha Kanuni za Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinaagiza hivyo, na husahaulika.

Mimi naona vifungo vya wanaowadhuru watoto wa miaka 10 au 13 vibaki vilivyo. Kilichokosekana ni mlango wa vijana wa rika moja. Afrika Kusini, baada ya uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa mwaka 2013, iliwaondolea kosa la jinai vijana wanaokaribiana umri waliokubaliana, na ulinzi wa watoto dhidi ya watu wazima ukabaki. Kwetu kazi hiyo ni ya Bunge, na ibara ya 119 ya Katiba inamruhusu mwananchi yeyote kuliandikia ombi. Wabunge wa Garsen, Galole na Bura, pamoja na mwakilishi wa wanawake, wanaweza kuliwasilisha kwa niaba yake.